Siku ya Pili Mabinti Hurudi Kwao

Tokoto-tokoto, tokoto-tokoto. Visu viwili juu ya gogo moja. Mpaka leo nikifumba macho nausikia mlio ule, kwa sababu asubuhi ile nilipokuwa napanda kuelekea shambani nilidhani kuna mtu anafundisha watoto ngoma. Kumbe ni dada. Amekunja mikono ya sweta, kashika visu viwili vipana kama vijembe, kimoja kila mkono, anakatakata nyama na chainizi juu ya kipande cha gogo la mkaratusi. Cha kulia kikipanda, cha kushoto kinashuka. Wala havitazami. Anatazama ukungu unavyopanda kutoka bondeni, na anaongea na mimi kana kwamba ile mikono si yake.

"Umechelewa," akasema. "Leo kwetu ni kama mkesha wenu wa Krismasi, na wewe unakuja saa nne."

Nikamwambia ni mvua. Akasema mvua haijanyesha. Na kweli ilikuwa haijanyesha.

Huyu ninayemwita dada ni Mchina. Yeye na mumewe walikodi shamba juu kidogo ya mji wa Lushoto, wakajenga vitalu nyumba vitatu vya nailoni, wakapanda mboga ambazo nyingine sikuwahi kuziona tangu nizaliwe, na mimi nimezaliwa katikati ya mboga. Tulikuwa wasichana wanne tunaofungasha kwenye makreti kabla gari la Dar halijapita jioni. Siku yangu ya kwanza nilimwita madam, akakataa. Nikamwita bosi, akacheka mpaka akashika meza. "Mimi umri wangu ni wa dada yako," akasema. Basi akawa dada, mumewe akawa shemeji, na kwetu shemeji ni mtu wa kutaniwa, kwa hiyo alitaniwa. Tulimwambia amepanda chainizi nyingi kuliko mboga zote kwa sababu amewakumbuka ndugu zake. Yeye alikuwa anacheka kwanza, anaelewa baadaye.

Shule mimi niliishia kidato cha pili, lakini kuwaza sikuacha. Nikifunga saladi naifuata kwa mawazo mpaka mezani kwa mtu, huko Dar, ghorofani, karibu na dirisha, na mimi niko pale nimekaa kiti cha pili. Dada alishanijua. Akiona mikono imesimama anasema, "Rudi, rudi, umeshafika wapi?"

Mwaka wao mpya hauna tarehe moja kama wetu. Unafuata mwezi, kama Idi, ila daima unaangukia Januari au Februari, wakati ambao huku plamu zimeiva na watoto wana midomo myekundu. Wiki nzima tulikuwa tunasafisha. Tulifua mapazia, tukasugua madirisha, tukafagia mpaka pembe za dari, maana dada alisema mwaka ukishaingia ufagio unafichwa. Siku ya kwanza hakuna kufagia. Ukifagia, umeziokota baraka zote ukazimwaga nje. Mimi niliyelelewa kwamba msichana akiamka hushika ufagio hata kabla hajanawa uso, nilisema moyoni, hii sikukuu imeletwa kwa ajili yangu.

Siku ile ya visu, kazi yangu ilikuwa kukunja vifurushi vyao vya nyama. Unga unasukumwa kama chapati ya mtoto mchanga, nyama inawekwa katikati, unakunja, unabana ukingo kwa vidole. Vya dada vilisimama vyote wima kama wanakwaya. Vyangu vililala ubavu kama watu waliotoka kilabuni.

"Usijali," akasema. "Tumboni vitaamka."

Basi akawa ananipangia sikukuu yao. Jioni ya leo, familia inakula pamoja, na samaki lazima abakizwe, asimalizwe, ili mwaka nao uwe na cha kubakiza. Kesho, siku ya kwanza, kukaa nyumbani, nguo mpya, maneno mazuri tu, hata ukijikwaa usiseme neno baya. Keshokutwa...

Visu vikanyamaza.

"Keshokutwa nini?" nikauliza.

"Siku ya pili mabinti walioolewa wanarudi kwao." Akachota nyama kwa upande wa kisu, akaigeuza. "Unakwenda na mume wako, na zawadi mbili mbili. Mama anasimama mlangoni, anakupokea. Halafu unakula, unarudi kwako kabla ya chakula cha usiku. Ndiyo hivyo tu."

Nilijua kwamba tangu aje Tanzania hakurudi kwao hata mara moja. Nikamuuliza miaka yote hii alikuwa anafanyaje siku hiyo.

"Kwa simu. Naweka simu mezani, naegemeza kwenye kikombe. Mama naye anaweka ya kwake. Tunakula. Yeye anasema nimekonda, mimi nasema sijakonda." Akafuta kisu kwenye ukingo wa gogo. "Mwaka jana mama alifariki. Nyumba imefungwa, kaka yangu anaishi mbali. Kwa hiyo keshokutwa mimi nitakuja kufungasha mboga na ninyi."

Alisema huku anatabasamu, na visu vikaanza tena, sasa mbio, mpaka nyama ikawa laini kupita inavyotakiwa.

Mimi mdomo wangu huwa unafika kabla ya akili. Nikasikia unasema, "Njoo kwetu, dada. Mama yangu yupo. Mlango upo."

Akasema kwao, ukienda siku ile na mama asikupokee, bora usingekwenda, maana ni kama umeambiwa mbele za watu kwamba huna kwenu. "Kwa hiyo muulize mama yako vizuri," akasema. "Kama anasitasita, usinipeleke."

Kwetu ni upande wa Mlalo, mgombani, nyumba ya tofali za kuchoma na jiko la nje nyuma yake. Jioni nikapiga simu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Mbona sauti yako imejaa, unakula nini?"

"Mama, nimekupatia mtoto mwingine."

Nikasikia anaweka sufuria chini. Kisha, polepole: "Wewe. Una mimba?"

"Sina mimba, mama!"

"Nakuuliza kwa upole, nijibu kwa upole."

Nikamweleza yote, siku ya pili, mlango, zawadi mbili mbili, simu iliyoegemezwa kwenye kikombe. Mama yangu si mtu wa kukatiza habari ya msiba. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hana shangazi huku? Hana hata mama mdogo?"

"Hana mtu."

"Masikini mtoto wa watu. Basi aje. Bada, ugali wetu wa muhogo, anakula?"

"Anakula kila kitu."

"Na mume anaye?"

"Anaye. Atakuja naye, ndiyo taratibu yao."

"Aha," akasema mama. Ningekuwa na akili ningeisikiliza vizuri ile aha. "Basi nimeelewa. Niache nijiandae."

Siku ya kwanza dada alinipigia mara tatu. Mara ya kwanza, mama amekubali kweli au kwa heshima tu? Mara ya pili, avae nyekundu au atatisha watu? Mara ya tatu hakuwa na swali, alitaka tu kujua niko hewani. Nikamwambia mama ameshachagua maharage ya kupika, punje moja moja.

Siku ya pili tukaondoka asubuhi kwa pikapu ya shemeji. Mimi kiti cha nyuma nikiwa nimezungukwa na zawadi: sukari mifuko miwili, makopo mawili ya majani ya chai, vitenge viwili, blanketi mbili, na bata wawili waliofungwa miguu kwa utepe mwekundu, wananitazama kama wanaonijua. Dada macho hayaachi barabara. Kila tukipita kona anauliza, "Ni hapa?" Nasema bado. Shemeji yeye alikuwa anajifunza. "Shikamoo mama. Shikamoo mama." Akikosea anarudia kutoka mwanzo, kama mtu anayejaza maji.

Gari likaachwa barabarani, tukapanda kwa miguu katikati ya migomba. Mbele mimi, kisha dada na koti lake jekundu, kisha shemeji na bata.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Amevaa kitenge chake cha kwaya, kile cha Pasaka, na kichwani kilemba kipya na khanga juu yake. Alipomwona dada akafungua mikono yote miwili, uso wote ukacheka. Nikasema moyoni, Mungu asante. Dada akaanza kukimbia kidogo, zile hatua za mtu anayejizuia.

Hapo ndipo shemeji akatokeza kwenye migomba, bata mkono huu, bata mkono ule, kifua mbele. "Shikamoo mama!"

Mama akashusha khanga yake mpaka usoni, akageuka, akazunguka kona ya nyumba. Tukasikia mlango wa jiko: pwaa.

Uani akabaki mjomba wangu peke yake, kakaa kwenye benchi na fimbo yake. Yeye hakuonyesha kushangaa hata chembe.

Dada alisimama palepale. Mikono yake ilikuwa bado mbele, akaitazama, akaishusha. Shemeji akaweka bata chini. Wakaongea maneno mawili matatu ya kwao, ya chinichini, kisha dada akanigeukia. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo.

"Nimeona," akasema. "Turudi tu. Usimgombeze mama yako. Mimi ndiye niliyekuja."

Nikakimbia mpaka jikoni. Mama alikuwa nyuma ya mlango, kajiziba mdomo kwa khanga, macho yanang'aa kama ya msichana.

"Mama! Mbona umekimbia? Wanaondoka!"

"Wanaondoka waende wapi? Ulitaka nisimame mbele ya mkwe uso wazi, tutazamane kama watu wa sokoni? Mimi nimekosa adabu lini?"

Jamani. Dada yangu wa kuzaliwa ameolewa Bumbuli miaka sita sasa, na mume wake akija anakaa uani na mjomba, mama anakaa jikoni, na salamu zinapita kwa watoto. Hajawahi kumwona mama anatafuna kitu. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi. Nimekua naona hivyo, siulizi, kama vile siulizi kwa nini mlima uko pale. Ila mimi nilidhani haya ya ukwe ni ya sisi kwa sisi. Haikunijia kabisa kwamba mama akimpokea Mchina kama binti, basi na yule mwanamume wa mboga, shemeji yetu wa utani, anageuka mkwe kamili.

Nikarudi mbio. Walikuwa wameshafika kwenye migomba, dada mbele.

"Dada, simama! Hajakukataa! Amekukubali mpaka amepitiliza!"

Hakugeuka. Nikamshika mkono wa koti.

"Nisikilize. Angekuona mgeni, angekaa palepale, angempa shemeji mkono, kama anavyowapa mabwana shamba na watu wa miradi. Wale mama hawakimbii. Anayekimbiwa ni mkwe. Amekimbia kwa sababu wewe ni mtoto wake."

Dada akaanza kunipeleleza usoni kama anayetafuta mahali nilipoficha uongo. "Kwetu," akasema polepole, "siku hii mama anatoka na bakuli, anampa mkwe mayai kwa mkono wake mwenyewe. Mkwe ndiye mgeni mkubwa."

"Kwetu mama mkwe akimpa mkwe bakuli mkononi, kijiji kizima kinahama."

Shemeji, ambaye kichwa kilikuwa kinakwenda huku na huku, akauliza kwa masikitiko, "Sasa shikamoo yangu nimpe nani?"

Kabla sijajibu, sauti ikaja kutoka nyuma ya nyumba, ile sauti ya mama inayovuka bonde: "Mwanangu! Unasimama nje kama mtu wa sensa, kwa nini? Ingia huku jikoni, ndizi zinaungua!"

Dada akanong'ona, "Anakuita."

"Mimi ananiita kwa jina," nikamwambia. "Anakuita wewe."

Akanikabidhi mkoba wake bila kunitazama, akaenda. Alizunguka kona ileile aliyozunguka mama.

Nilibaki nyuma kidogo kwa sababu ya shemeji, aliyekuwa anaokota bata wake amfuate. Mjomba akainua fimbo, akaiweka njiani kama kizuizi cha polisi.

"Mkwe. Unakwenda wapi?"

"Jikoni. Kumsalimia mama."

"Ukivuka ile kona, ni mbuzi."

"Mbuzi gani? Nimeleta bata."

"Bata ni wa zawadi. Mbuzi ni wa faini. Ukimkuta mama mkwe anaonja mchuzi, ni mbuzi wawili." Akapiga benchi kwa kiganja. "Kaa hapa, ule plamu. Wakwe wote wa nyumba hii wamekaa hapa, na hakuna aliyekufa."

Shemeji akakaa. Lakini alikuwa amefanya mazoezi njia nzima, na mtu akifanya mazoezi hivyo lazima apate pa kuyapeleka. Akasimama, akanyoosha koti, akaugeukia ukuta wa jiko, akainama vizuri kabisa.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, baba!" ukuta ukajibu. "Hamjambo huko mtokako?"

Shemeji akamtazama mjomba. Mjomba akaitikia kwa kichwa kumruhusu.

"Hatujambo! Heri ya mwaka mpya!"

"Na kwako! Mtunzie huyu mtoto wangu!"

"Namtunza!"

"Tutaangalia!" ukasema ukuta.

Nilipoingia jikoni nilikuta dada ameshakalishwa kwenye kigoda, koti jekundu limetundikwa msumarini, kitenge cha mama kimezungushwa kiunoni, na kisu mkononi. Kwetu binti akija hakai sebuleni akaletewa soda; soda ni ya wageni. Alikuwa anakata sukuma wiki, nyembamba kama nyuzi, haraka kiasi kwamba mama alikuwa ameacha kukoroga ili atazame.

"Tazama mwenzako," mama akaniambia. "Wewe unakata kama unamkatia ng'ombe."

Kisha akainama, akamshika dada mkono juu kidogo ya kiwiko, akaubonyeza kama anavyobonyeza kuku wa kununua. "Lakini umekonda wewe. Huko kwa mumeo hamli?"

Dada akajibu hapohapo, kwa Kichina. Neno refu, la haraka, la kubisha. Halafu akasikia alichofanya, akaziba mdomo kwa mkono wenye kisu, na mimi nikaogopa kwa sababu ya kisu.

Mama hakuuliza amesema nini. "Unabisha bure," akamwambia. "Mifupa ninaiona." Akampakulia bada kipande cha kwanza, kabla ya watu wote, pamoja na maharage yaliyochaguliwa punje moja moja. Dada akala. Aliinamia sahani muda mrefu, mabega yanatikisika, na sikujua kama ni kicheko au kilio mpaka alipoinua uso, nikaona ni vyote. Mama akaongeza maharage.

Saa tisa ikapita, dada akasema lazima waondoke. Chakula cha usiku siku ile mtu anakula kwake. Mama akaanza kujaza. Mifuko ileile iliyokuja na sukari ikapokea maharage, viazi, plamu, ndizi mbivu, kwa sababu mama yangu hajawahi kurudisha chombo kitupu tangu nimjue. Na bata mmoja akarudishwa. "Wawili watanimalizia bustani," akasema.

Dada akanivuta pembeni. "Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwetu mama anarudisha nusu. Zikija mbili, moja inarudi na binti. Umemwambia?"

Sikuwa najua. Nikaapa. Akasimama na yule bata kifuani, anatazama jiko, mpaka shemeji akamwita.

Wakati huo manyunyu yalikuwa yameanza, na udongo wa kwetu ukilowa unakuwa sabuni. Viatu vya dada vilikuwa vya mjini. Kile kipande cha mteremko kutoka nyumbani mpaka barabarani alikishuka nusu kwa miguu na nusu kwa makalio, kamkumbatia bata, anashika mgomba huu na huu, anacheka, shemeji chini anapiga kelele za kumwelekeza ambazo hazikumsaidia mtu. Mama alikuwa juu, amejibanza nyuma ya mgomba ili mkwe asimwone, kichwa tu nje.

"Pole, mwanangu!"

Dada akafika chini. Mgongo wote udongo. Akageuka, akauliza kwa sauti ya juu, na nilisikia alivyoikaza ili isitetemeke: "Mama, mwakani nije?"

"Sasa hilo nalo ni swali?" mama akajibu. "Uje na viatu!"

Pikapu ikaondoka. Mama akatoka nyuma ya mgomba, akajifuta mvua usoni, akarudi ndani kuzima moto. Mimi nilikuwa nimeombewa na mama ruhusa ya siku moja zaidi, nikalala nyumbani.

Kulipokucha mama alikwenda kuchota maji. Nikachukua jembe nyuma ya jiko, nikashuka kwenye ule mteremko. Alama ya dada ilikuwa bado ipo, mfereji laini unaomeremeta kutoka juu mpaka chini. Nikaanzia barabarani kupanda. Nilichimba ngazi ya kwanza, nikapanda juu yake, nikaona hatua ni ndefu. Dada ni mfupi kuliko mimi. Nikaivunja, nikaikata upya karibu zaidi. Nikaendelea hivyo, moja, nyingine, kwa hatua zake na si zangu, nikipanga jiwe bapa mbele ya kila moja isije ikaliwa na mvua. Zilikuwa kumi na moja. Ya mwisho, pale juu kwenye migomba, nikaishindilia kwa kisigino mara nyingi, nikaenda kuosha jembe.